Kupunguza dagaa kwenye chakula cha sato: mwongozo wa kutumia soya, alizeti na majani katika Nyanda za Juu Kusini

Mfugaji wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe anayechanganya mwenyewe chakula cha samaki kwa kawaida hukuta kwamba dagaa ndio kiungo ghali kuliko vyote. Dagaa hao, wawe wa Mwanza au usipa wa Ziwa Nyasa wanaopandishwa kutoka Kyela, ni kitoweo ambacho kaya nyingi hutegemea kwa sababu nyama iko mbali na uwezo wao. Kuwasaga kwa magunia ili walishe samaki mwingine ni kuondoa chakula kwenye sahani za watu, na hakuna ulazima wa kufanya hivyo, kwa kuwa sato kwa maumbile yake hula mwani, majani laini na viumbe vidogo vya majini, na tumbo lake linamudu vizuri chakula cha mimea kilichoandaliwa ipasavyo. Neno la kushika hapo ni "kilichoandaliwa". Wafugaji wengi waliojaribu soya na alizeti wakakata tamaa hawakushindwa na mimea yenyewe, bali na soya mbichi, makapi ya alizeti na baridi ya huku kwetu.

Mwongozo huu unahusu sato na perege waliokwisha kufikia gramu 10 hivi na kuendelea. Vifaranga wadogo zaidi wanahitaji protini nyingi, kati ya asilimia 35 na 40, na ni vema waendelee kupata dagaa au chakula cha kiwandani hadi wakomae kidogo. Kambale naye anahitaji protini ya wanyama kuliko sato, na trauti wa vijito vya baridi ni mla nyama kabisa, kwa hiyo vipimo vilivyomo humu visihamishiwe kwao.

Hatua ya kwanza: bwawa liwe la kijani kwanza

Chakula cha mimea cha bei nafuu kuliko vyote kinaota ndani ya maji yenyewe. Maji yenye rangi ya kijani yamejaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, na sato huuchuja na kuula mchana kutwa. Tatizo la maeneo kama Mufindi na Njombe ni kwamba udongo wake mara nyingi una tindikali, na katika maji yenye tindikali mbolea haifanyi kazi hata ukiimwaga kwa wingi. Kabla ya kujaza maji, mwaga chokaa ya kilimo kwenye sakafu na kuta za bwawa, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, kisha uiache kwa wiki mbili hivi. Baada ya hapo weka samadi kavu ya kuku ndani ya kiroba kilichotobolewa matundu na ukifunge kwenye kigingi pembeni mwa bwawa. Kwa bwawa la mita za mraba 200, kilo 10 hivi kwa wiki zinatosha kuanzia.

Kipimo hakihitaji chombo. Zamisha mkono wako ukiwa umeunyoosha, kiganja kikiwa kimetazama juu. Ikiwa kiganja kinapotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, bwawa liko sawa. Kama kinapotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, sitisha samadi, kwa sababu mwani ukizidi hutumia hewa yote ya majini usiku na samaki huanza kuhema juu ya maji alfajiri. Kama unakiona kiganja hata maji yakipita kiwiko, bwawa bado lina njaa na chakula chochote utakacholeta kutoka dukani kitabeba mzigo ambao maji yalipaswa kuusaidia.

Hatua ya pili: nunua na uandae malighafi wakati wa kiangazi

Mwaka wa nyanda za juu umejipanga vizuri kwa kazi hii, ingawa wafugaji wachache sana wanautumia hivyo. Soya na alizeti huvunwa kuanzia mwezi Mei, na viwanda vidogo vya kukamua mafuta vya Iringa na Mbeya huwa na mashudu tele miezi inayofuata. Wakati huohuo, Juni na Julai, maji ya mabwawa yanakuwa ya baridi na samaki hula kidogo sana. Jua nalo ni la uhakika na upepo ni mkavu, kwa hiyo kuanika si shida. Tumia miezi hiyo kununua, kukaanga, kuchekecha na kukausha, ili maji yanapoanza kupata joto mwezi Septemba uwe na ghala lililojaa. Anayesubiri hadi Desemba hununua kwa bei ya juu na kuanika chini ya mvua.

Hifadhi malighafi zikiwa nzima au zikiwa kavu kabisa, lakini usizisage zote. Soya ina mafuta mengi, na mashudu ya mashine ndogo za kukamulia hubaki nayo pia, na mafuta hayo yakishasagwa na kukutana na hewa huchacha ndani ya wiki chache. Saga kinachotosha mwezi mmoja tu. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mashudu au pumba zenye ukungu, hata kama ni kona moja tu ya gunia, zisitumike, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuanika wala kwa kupika, na huharibu ini la samaki taratibu bila dalili ya wazi.

Hatua ya tatu: soya lazima iive

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Soya mbichi ina kizuizi kinachokifunga kimeng'enya cha kusaga protini tumboni mwa samaki. Samaki atakula, tumbo litajaa, na protini itatoka pamoja na kinyesi. Mfugaji ataona samaki wake wanakula vizuri lakini hawakui, na atailaumu soya. Joto ndilo linalokivunja kizuizi hicho.

Ziko njia mbili zinazowezekana nyumbani. Ya kwanza ni kuchemsha: maji yachemke kwanza, ndipo soya imiminwe, na ichemke kwa nusu saa kamili kuanzia maji yanaporudi kutokota. Kisha imwage maji, uianike juu ya turubai hadi punje ivunjike kwa mlio ukiiuma. Njia hii ni salama kwa anayeanza kwa kuwa ni vigumu kuiunguza. Ya pili ni kukaanga kwenye karai pana juu ya moto wa wastani, ukikoroga bila kupumzika. Mwanzoni soya hutoa harufu ya maharage mabichi, inayofanana na ya majani yaliyokatwa. Baada ya muda ganda huanza kupasuka kwa milio midogo, rangi ya punje hutoka kwenye maziwa na kuwa kahawia hafifu, na harufu inageuka kuwa ya karanga. Chukua punje moja, ipasue katikati na uitafune. Ikiwa kiini bado kina uchungu na ladha ya ubichi, endelea. Ikiwa kimekauka hadi katikati na ladha ni tamu ya karanga, epua mara moja na umwage juu ya turubai ipoe, kwa sababu karai lenye moto huendelea kupika hata baada ya kuni kuondolewa. Soya iliyofika kahawia iliyokoza imepita kiasi: joto kali huharibu laisini, ambayo ndiyo sehemu ya protini tunayoitafuta kwenye soya kuliko nyingine zote.

Kaanga kidogo kidogo, kilo 3 au 4 kwa karai, ili joto lienee sawasawa. Najua kazi hii inachosha, lakini ukikosea hapa hatua nyingine zote zinakuwa kazi bure.

Hatua ya nne: chekecha mashudu ya alizeti

Protini ya alizeti ina upungufu wa laisini lakini ina methionini, sehemu nyingine muhimu ya protini, ya kutosha, na ya soya ni kinyume chake, kwa hiyo vikiwekwa pamoja vinakamilishana kama mahindi na maharage kwenye makande. Ndiyo sababu ninashauri visitenganishwe, hata pale soya inapopatikana kwa bei nzuri.

Tatizo la mashudu yetu ni maganda. Mashine nyingi ndogo hukamua alizeti pamoja na ganda lake, na ganda hilo ni nyuzinyuzi tupu ambazo sato hawezi kuzisaga. Yaponde mashudu kwanza, kisha uyapitishe kwenye chekecheke la unga. Maganda marefu meusi yatabaki juu, na unga wa kijivu wenye protini utashuka. Maganda wape ng'ombe. Mashudu yaliyochekechwa vizuri unaweza kuyahesabu kuwa na asilimia 27 hivi ya protini, na yasiyochekechwa huwa chini ya hapo.

Mashudu ya pamba niyataje kwa ufupi tu, kwani wapo wanaoyaleta kutoka mikoa mingine. Yana sumu iitwayo gosipoli na hayafai kutumika kwa wingi. Kwa kuwa alizeti inalimwa huku kwetu, sioni sababu ya kuyafuata.

Hatua ya tano: majani, kwa kiasi

Majani ya mihogo, ya mti wa lusina, na azola, mmea mdogo unaoelea juu ya maji, yanasifiwa sana, na yana nafasi yake, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya mbegu. Majani ya mihogo yaliyokaushwa yana protini ya asilimia 20 na kitu, ila yana sumu ya sianidi. Yakate vipande vidogo, yaache yanyauke usiku mmoja, kisha uyaanike hadi yavunjike mkononi ndipo uyasage. Lusina ina sumu iitwayo mimosini, na hiyo hupungua kwa kuloweka majani kwenye maji siku moja hadi mbili, kumwaga maji hayo na kuanika. Majani yoyote kati ya hayo yasizidi kilo 5 katika kila kilo 100 za mchanganyiko, na yachukue nafasi ya pumba, si ya soya.

Azola inaota vizuri katika Kyela na Usangu, ambako kuna joto, na inadumaa wakati wa baridi ya Njombe na Makete. Itumie ikiwa mbichi, uimwage juu ya maji kama nyongeza ya kachumbari. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, kwa hiyo ndoo nzima ya azola ina protini kidogo kuliko bakuli la soya. Kidimbwi chake kizungushiwe tuta ili mvua isiipeleke mtoni, kwani huko huenea na kufunika maji.

Hatua ya sita: changanya kwa hesabu

Sato anayekua anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 28 hadi 32. Huu ndio mchanganyiko wa kufikia mwishoni, kwa kilo 100:

Soya iliyoiva na kusagwa, kilo 45.
Mashudu ya alizeti yaliyochekechwa, kilo 25.
Pumba za mahindi, au pumba laini za mpunga, kilo 15.
Unga wa muhogo wa kugandishia, kilo 6.
Dagaa waliosagwa, kilo 5.
Unga wa mifupa, kilo 2.5.
Premiksi ya vitamini na madini, kilo 1.
Chumvi, nusu kilo.

Hesabu yake ni rahisi, na ni muhimu uijue ili uweze kubadilisha viungo kulingana na soko. Zidisha kilo za kila kiungo kwa asilimia ya protini yake, kisha ugawe kwa 100. Soya kilo 45 kwa asilimia 37 ni kilo 16.65 za protini. Alizeti kilo 25 kwa asilimia 27 ni 6.75. Dagaa kilo 5 kwa asilimia 55 ni 2.75. Pumba kilo 15 kwa asilimia 10 ni 1.5, na muhogo ni kama 0.1 tu. Jumla inakaribia kilo 28, yaani asilimia 28.

Nimewaacha dagaa kilo 5 kwa makusudi. Harufu yao ndiyo inayomwita samaki, na methionini yao inaziba pengo linalobaki. Mtu anaweza kuwaondoa kabisa, lakini kwa mfugaji asiye na maabara ya kupima chakula, kilo hizo 5 ni kinga nzuri.

Unga wa mifupa usiachwe. Fosforasi nyingi iliyomo kwenye mbegu imefungwa ndani ya fitati, kemikali ya asili ya mbegu, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Kwa hiyo dagaa wanapopungua, mifupa ya samaki nayo hukosa kitu. Njia moja ya kusaidia, ambayo wapishi wa togwa wa huku wanaijua kwa sababu nyingine, ni kimea cha ulezi. Nafaka iliyochipua ina kimeng'enya kinachovunja fitati. Loweka pumba na mashudu kwa maji ya uvuguvugu pamoja na kilo 1 ya unga wa kimea kwa kila kilo 20, funika usiku kucha sehemu yenye joto, na kesho yake vichanganye na viungo vingine. Kimea hicho kihesabu ndani ya kilo za pumba, na maji ya kulowekea yahesabu ndani ya maji ya kukandia.

Hatua ya saba: tengeneza punje

Viungo vyote visagwe laini kama unga wa sembe. Pika unga wa muhogo uwe uji mzito, uache upungue joto, kisha uchanganye na unga mwingine. Premiksi iingie mwisho, mchanganyiko ukiwa vuguvugu, kwa sababu joto huharibu vitamini. Maji yote kwa jumla yawe kati ya lita 3 na 4 kwa kila kilo 10. Ukifinya donge mkononi likakaa bila kudondosha maji, liko tayari. Lipitishe kwenye mashine ya kusagia nyama, nyuzi zinazotoka zianikwe kwa tabaka jembamba kivulini penye upepo, kisha zivunjwe zikiwa kavu.

Tia punje chache kwenye glasi ya maji. Zikidumu robo saa bila kusambaa, chakula kinafaa. Zikiyeyuka mapema, ongeza unga wa muhogo kidogo au urudi kusaga laini zaidi. Punje hizi huzama, kwa hiyo zisirushwe ovyo bwawani. Shusha sinia la waya au la mianzi karibu na ukingo, sentimita 40 hivi chini ya maji, na uziweke humo ili uweze kulipandisha na kuona kilichobaki.

Hatua ya nane: lisha kwa kufuata joto la maji

Sato hukua vizuri zaidi maji yakiwa na nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi, kiwango ambacho mabwawa mengi ya Iringa mjini, Mafinga au Mbeya hayafikii kwa miezi kadhaa. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, hamu ya kula hupungua sana, na yakikaribia 16 samaki karibu wanaacha kabisa. Chakula unachomwaga siku hizo kinaozea chini na kuchafua maji. Nunua kipimajoto cha kawaida, ukifunge kwenye kamba na upime kila asubuhi na alasiri. Nakihesabu kuwa kifaa chenye faida kuliko vyote vya bwawani.

Chukua mfano wa bwawa lenye sato 1,000 wenye wastani wa gramu 80 kila mmoja. Uzito wote ni kilo 80, na asilimia 3 ya huo ni kilo 2.4 za chakula kwa siku. Gawa mara mbili, saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, maji yakiwa yamekwisha kupata jua. Maji yakiwa chini ya nyuzi 20, toa nusu yake, mara moja tu kwa siku, alasiri. Yakiwa chini ya 16, usitoe kitu. Nusu saa baada ya kila mlo, pandisha sinia. Kikibaki chakula, kesho punguza.

Hatua ya tisa: punguza dagaa kwa vipindi huku ukipima

Usihame siku moja kutoka kwenye dagaa kilo 20 hadi kilo 5. Anza na dagaa 20, soya 27, alizeti 18 na pumba 25. Baada ya mwezi, hamia kwenye dagaa 10, soya 40, alizeti 22 na pumba 18. Mwezi wa tatu fikia mchanganyiko wa mwisho. Muhogo, mifupa, premiksi na chumvi havibadiliki, na protini inabaki kwenye asilimia 28 katika vipindi vyote vitatu. Vipindi hivi vifanyike kuanzia Septemba, maji yakiwa na joto, la sivyo hutajua kama aliyepunguza ukuaji ni soya au ni baridi.

Mwisho wa kila mwezi vua samaki 30 kwa wavu, uwapime pamoja kwenye ndoo yenye maji, na ugawe kwa 30 baada ya kutoa uzito wa ndoo na maji yake. Tuseme bwawa la mfano limetoka gramu 80 hadi 110. Samaki 1,000 wameongeza kilo 30, na chakula kilichotumika kwa siku 30 ni kilo 72. Gawa 72 kwa 30, upate 2.4, yaani kilo 2.4 za chakula kwa kila kilo ya samaki. Kwa punje zinazozama na maji ya nyanda za juu, chini ya 2.5 ni matokeo mazuri.

Namba hiyo ikipita 3, usikimbilie kurudisha dagaa. Kagua kwanza soya ya karai la mwisho kwa kuitafuna, kisha angalia sinia, kisha daftari la joto. Vyote vitatu vikiwa sawa, rudi kipindi kimoja nyuma kwa mwezi mmoja na upime tena. Vikishindikana, peleka sampuli ya chakula na daftari lako kwa afisa uvuvi wa wilaya, au kwenye kituo cha ukuzaji viumbe maji cha Ruhila, Songea. Mtaalamu mwenye namba zako mkononi atakusaidia haraka kuliko yule unayemweleza kwa mdomo kwamba samaki hawakui.